Kijikasha cha Veroli na Ndovu Asiyetajwa

Moyoni nina jambo. Nimeomba ukurasa mwaka huu ili niseme waziwazi kwamba ule mjadala wa muhula wa pili, ambao sote tunajua ni nani aliyeushinda, niliushinda kwa ulimi tu. Najua mtashangaa. Mshindi gani huyu anayejipokonya ushindi wake mwenyewe? (Kamusi niliyotuzwa sijairudisha. Hilo mnisamehe.)

Kwa wale ambao hamkuwapo ukumbini siku hiyo, mada ilikuwa kwamba vitu vyote vya pembe za ndovu, vipya kwa vya kale, viteketezwe kwa moto. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliounga mkono. Ili tuwe na kitu cha kubishania badala ya kupiga domo hewani, mwalimu wetu wa Historia alikuwa ametuchapishia picha ya kitu kimoja kilichoko London, katika makumbusho yaitwayo Victoria and Albert. Mashine ya shule ilitia michirizi ya wino kwenye karatasi, lakini kitu chenyewe kilionekana vyema. Kinaitwa Kijikasha cha Veroli.

Naomba nikieleze, maana siku ya mjadala sikukieleza hata kidogo. Nilikitukana tu.

Ni kisanduku cha mbao kilichofunikwa kwa vipande vya pembe ya ndovu na mfupa vilivyochongwa. Urefu wake ni kama sentimita 40 na kimo chake hakifiki sentimita 12, yaani ukikiweka juu ya dawati lako bado utapata pa kuweka daftari. Kilitengenezwa Constantinople, mji ambao leo unaitwa Istanbul, mwishoni mwa karne ya 10 au mwanzoni mwa karne ya 11. Mji huo ulikuwa makao makuu ya dola ambayo wanahistoria huiita Bizanti, ingawa wenyewe walijiita Warumi. Watu wake walikuwa Wakristo waliosema Kigiriki, na wataalamu huamini kwamba kijikasha hiki kilitengenezewa mtu aliyekuwa karibu na jumba la mfalme.

Sasa, ungetarajia Wakristo hao wachonge Yesu au malaika, siyo? Na kweli kazi zao nyingi za pembe zilizosalia zina watakatifu. Kwenye hiki hamna hata mtakatifu mmoja. Kuna miungu na mashujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, hadithi ambazo wakati huo hapakuwa na mtu aliyeziamini kwa mamia ya miaka. Juu ya kifuniko yumo Europa, msichana anayebebwa na fahali, kumbe fahali mwenyewe ni mungu Zeus amejigeuza. Yumo Herakles anayepiga kinubi, na viumbe nusu mtu nusu farasi wanaburudika naye. Kwingineko yumo Iphigenia, binti anayepelekwa kutolewa kafara, na Bellerophon pamoja na farasi wake mwenye mabawa. Watu wote hao wana vichwa vikubwa na nywele zilizoviringwa vifundo vifundo kama shanga. Wanakimbia, wanacheza ngoma, wanapinduka. Hata palipotakiwa pawe na huzuni pana kichekesho ndani yake. Nilipokitazama kwa makini mara ya pili, nilicheka peke yangu mezani, mama akadhani ninasoma barua.

Tena lipo jambo moja lililonifurahisha zaidi. Karibu na Europa kuna kikundi cha wanaume wanaorusha mawe. Katika hadithi ya Europa watu hawa hawana kazi yoyote pale. Wataalamu wamegundua kwamba kikundi hicho kinafanana na picha iliyomo katika hati ya kale yenye kisa cha Yoshua, ambayo imehifadhiwa katika maktaba ya Vatikani. Mle wanampiga mawe Akani, yule mwizi wa kwenye Biblia. Inaelekea fundi alikuwa na mchoro, akaona umekaa vizuri, akaupachika. Nani angemuuliza?

Je, siku ya mjadala nilisema lolote kati ya haya? Thubutu! Niliinua ile karatasi juu nikapaza sauti: "Nyinyi mnaona urembo? Mimi naona damu! Kila mkono ulioshika patasi ukachonga pembe, uwe wa jana au wa miaka elfu iliyopita, ni mkono wa muuaji!" Ukumbi ukalipuka. Hata msemaji wa upande wa pili, msichana ambaye huwa hashindwi na mtu, alipoteza mahali alipokuwa anasoma. Mwenyekiti aligonga meza mara tatu kabla kelele hazijatulia.

Sasa sikilizeni yaliyonipata nyumbani.

Baba yangu ni mchongaji. Wengi wenu mnajua, kwani si nyie mlionipachika jina la Twiga? Anafanya kazi katika karakana moja huku Changamwe pamoja na Wakamba wenzake. Wanachonga vifaru, twiga, wazee wenye mikongojo na mabakuli ya kuwauzia watalii. Jioni ile nilifika nyumbani na kamusi kwapani na picha mkononi, nikamsimulia yote, pamoja na ile sentensi yangu tamu ya mkono wa muuaji. Nilingoja aseme "hongera, mwanangu." Hakusema. Alinyoosha mkono akaitwaa picha, akaenda nayo mlangoni penye mwanga.

Alikaa nayo kitambo. Kisha akaniita, akaanza kunionyesha kwa ukucha.

"Huyu fundi alikuwa na mali kidogo," akasema. Mali kwao ni kile kitu unachokichonga. "Angalia. Vipande vyembamba, vimeungwa. Na hizi kanda za maua zinazozunguka, mimi hapa ningetia mfupa."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mfupa wa mguu wa ng'ombe ukuta wake ni mwembamba, hauwezi kukupa kipande kipana, unakupa ukanda tu. Tena mfupa ukiusogeza karibu na jicho una vitundu vidogo vyeusi, na hata ukiupiga msasa kutwa nzima havitoki. Pembe haina vitundu. Imeshikana, ina mafuta yake, na ukiikata ukatazama pale ulipokata unaona mistari inayopishana kama kimia. Halafu pembe yenyewe si nzima kama watu wanavyodhani. Ni jino la ndovu, na upande ule wa mzizi lina uwazi ndani, sehemu kubwa tu. Ukitaka kipande kipana kilichojaa unatafuta pembe nene, na unapanga msumeno wako kabla hujagusa kitu. "Kwa hiyo," baba akasema, "mtu wa pembe hatupi hata unga wake."

"Baba, wewe mambo ya pembe umeyajulia wapi?"

Akanyamaza. Kisha akaingia chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku la zana ambalo mimi nilidhani lina misumari mibovu. Akatoa msumeno mdogo wenye meno membamba kama ya kitana. "Huu haukati mpingo," akasema. "Ulikuwa wa babu yako."

Wenzangu, babu yangu alikuwa mchongaji wa pembe za ndovu. Alifariki kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kunieleza. Hakuwa jangili. Alifanya kazi hiyo wakati ilipokuwa halali, kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka 1978. Siku hizo maduka yaliuza bangili na visanamu vya pembe kwa wageni, na lazima pawe na mtu wa kuvichonga. Baba anasema pembe ilipimwa kwenye mizani babu akakabidhiwa. Alipomaliza alirudisha kazi, vipande na unga, vyote vikapimwa tena. Ikipungua, anakatwa. Kwa pesa hizo ndiyo baba alikwenda shule mpaka hapo alipofika. Marufuku ilipotangazwa, babu alirudi kwenye mbao, na ule msumeno akaufunga kwa kitambaa chenye mafuta.

"Basi niambie," baba akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mkono wa babu yako ulikuwa mkono wa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kamusi nzima kwapani na sikuwa na neno.

Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo nimekuwa nikilitafuta jibu. Haya ndiyo maoni yangu, na mwenye kutaka kuyapinga ayapinge.

Kwanza, msinielewe vibaya. Mimi siungi mkono biashara ya pembe hata gramu moja. Mwaka 1989 Rais Moi alipotia moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, alifanya jambo la haki, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alipochoma tani 105 palepale, alifanya la haki pia. Kenya ilikuwa imebaki na ndovu kama 16,000 hivi mwaka 1989. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata 36,280. Mtu asiniambie kwamba moto ule na sheria zilizofuata havikusaidia kitu. Pembe zilizochomwa zilikuwa bidhaa. Zingeibwa ghalani, zingeuzwa. Kuzichoma kulimwambia mnunuzi kwamba kwetu hakuna duka.

Lakini Kijikasha cha Veroli si bidhaa. Hakiuzwi. Ukikichoma leo, hakuna ndovu hata mmoja wa Tsavo atakayepona kwa ajili hiyo, na jangili hatapata hasara ya shilingi. Waingereza wenyewe walipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kufanya kazi mwaka 2022, inayokataza kuuza na kununua vitu vya pembe isipokuwa vichache mno, na makumbusho yaliachwa yaendelee kuhifadhi vya kale. Naona walitofautisha vizuri. Mimi pale jukwaani nilichanganya mwizi na mjane wa mwizi nikawahukumu pamoja.

Hoja yangu kubwa siku ile ilikuwa kwamba mtu akisifu pembe ya zamani atatamani mpya. Hoja hii sijaitupa yote. Ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo uko mahali ambapo mimi sikuutazama. Uko kwenye maneno yaliyoandikwa chini ya picha.

Chukueni ile karatasi mtazame. Kule chini mwalimu alinakili maelezo kutoka katika kitabu kimoja cha sanaa: "Kijikasha cha Veroli. Pembe na mfupa juu ya mbao. Constantinople." Basi, kwisha. Maelezo ya namna hii ndiyo tuliyoyazoea vitabuni. Lakini hebu yafikirieni. Mji alikofanyia kazi fundi umetajwa. Veroli nao umetajwa, mji ulioko kusini-mashariki ya Roma, ambako kijikasha hiki kilikaa katika hazina ya kanisa kuu mpaka mwaka 1861. Yule mtukufu aliyekiagiza anakisiwa na wataalamu kurasa kwa kurasa. Tunajua hata mwaka makumbusho yalipokinunua, 1865. Kila aliyekishika kijikasha hiki ana mstari wake. Asiye na mstari ni yule aliyeitembeza pembe hii mdomoni mwake miaka na miaka, akang'olea miti, akachimbia maji wakati wa kiangazi. Amegeuzwa kuwa jina la mali tu, kama saruji.

Mtu akisoma "pembe, Constantinople", atadhani pembe ilimea Constantinople. Wapi! Kule ndovu alikuwa kioja. Katikati ya karne ya 11, Mfalme Konstantino wa Tisa alipelekewa ndovu na twiga kutoka Misri, na waandishi wa mji ule wakaona ni habari ya kuwekwa kwenye kitabu cha historia. (Nilipolisoma hilo la twiga nililiona kama salamu zangu binafsi.)

Sasa pembe ilitoka wapi? Wataalamu wengi wa sanaa hiyo huamini kwamba pembe za mafundi wa Bizanti zilikuwa za ndovu wa Afrika. Na hapa, wenzangu wa pwani, ndipo mnapotakiwa kukaa vizuri kwenye viti. Miaka ileile, pembe zilikuwa zikisafirishwa kutoka pwani hii yetu. Msafiri Al-Masudi, mwenyeji wa Baghdad, alifika upande huu mwaka 916. Aliandika kwamba katika nchi ya Wazanji ndovu walikuwa tele porini, kwamba pembe zao zilikuwa na uzito wa ratili 50 na kuzidi, na kwamba nyingi zilipelekwa Oman, kisha Uhindi na Uchina. Alisema lau si safari hiyo ya mashariki, pembe zingejaa katika nchi za Waislamu. Naye mwanaakiolojia Mark Horton, ambaye alichimba magofu ya Shanga katika kisiwa cha Pate kwenye miaka ya 1980, aliandika mwaka 1987 kwamba katika karne ya 10 na ya 11 pembe na mawe ya bilauri kutoka pwani yetu yalipanda Bahari ya Shamu mpaka Misri na nchi za Mediterania.

Sisemi kwamba ndovu wa kijikasha hiki alikuwa wa Lamu au wa Tana. Kusema hivyo kungekuwa kurudia kosa lilelile la kushinda kwa ulimi. Ninasema alikuwa na kwao, na njia ya kutoka kwao ilipita kwa watu: mwindaji, mpagazi, nahodha, dalali, na mwisho fundi aliyekaa na kipande chake chembamba akihesabu.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Nne niliyemwonyesha nakala hii amenipinga. Anasema makumbusho hayawezi kuandika jambo ambalo halijathibitishwa. Namjibu hivi. Kwanza, sayansi ya leo inaweza mengi. Meli ya Wareno iitwayo Bom Jesus ilizama mwaka 1533, ikapatikana Namibia mwaka 2008 ikiwa na pembe zaidi ya 100. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba wamechunguza vinasaba vya pembe zile wakakuta ni za ndovu wa msituni kutoka Afrika Magharibi, wa koo zisizopungua 17. Kati ya koo hizo ni 4 tu wanazojua kuwa bado ziko hai. Fikirini: jino lililolala chini ya maji karibu miaka 500 limeweza kusema mama yake alikuwa wa ukoo gani.

Atasema, lakini kukitoboa kijikasha ili kupata unga wa kupima ni kukiharibu. Sawa, na baba yangu anakubaliana naye, alikunja uso nilipomtajia kutoboa. Basi wasikitoboe. Waandike "yaelekea." Je, habari za yule mtukufu wa jumba la mfalme si za "yaelekea" pia? Jina lake halikuandikwa popote kwenye kijikasha. Wamemkisia kutokana na uzuri wa kazi na hadithi zilizochongwa, na wakisio wao wameuchapisha bila haya. Kama mtu aliyekinunua anaweza kukisiwa, kwa nini ndovu asikisiwe?

Wala tusidhani kosa ni la wageni peke yao. Nyani haoni kundule. Katika makumbusho ya Lamu iko Siwa ya Pate, baragumu kubwa la pembe ya ndovu lenye umri wa mamia ya miaka, refu kuliko baba yangu. Tunapofundishwa habari zake tunaambiwa masultani, tunaambiwa sherehe na heshima ya mji. Ndovu ametajwa na nani? Mimi mwenyewe, mtoto wa Mombasa, nilisimama mbele ya shule nzima nikataka vitu vyote vya pembe, vipya kwa vya kale, viteketezwe, na siwa haikunijia akilini hata mara moja. Ile kura mliyonipigia, kama ingekuwa sheria, leo tungekuwa tumechoma siwa yetu na kushangilia. Msemaji wa upande wa pili alikuwa nayo kwenye karatasi yake, nimekuja kujua baadaye. Ndipo mahali alipopoteza kusoma, kwa sababu ya kelele zetu. Dada, nakuomba radhi hapa mbele ya wote.

Kuna wengine waliosikia habari hizi wakaruka upande wa pili kabisa: eti kama pembe ni ya Afrika, basi kijikasha kirudishwe Afrika. Hapana. Hapo siwafuati. Kazi ni ya mkono wa Constantinople, na hadithi zake ni za Wagiriki. Kama kila kitu kingerudishwa mahali mali yake ilipotoka, mpingo wa twiga wa baba yangu ungerudi Tanzania. Tena kijikasha kile kikija hapa tutakiweka wapi, kabatini kwa naibu wa mwalimu mkuu? Mimi nataka neno, si sanduku.

Na nikisema neno, silitaki kwa ndovu peke yake. Fundi naye hatajwi. Wachongaji wa pembe wa Bizanti karibu wote hawakuandika majina yao. Tunayo mikono yao tu: mmoja anapenda vichwa vikubwa, mwingine anaviringa nywele namna hii. Twiga za baba huondoka karakanani zikiwa na karatasi ndogo iliyoandikwa "Kenya", kana kwamba Kenya nzima iliketi kwenye kigoda ikashika tezo. Na zile bangili za babu, alizozichonga kabla ya 1978, huenda mpaka leo ziko kwenye droo ya mtu fulani huko Ulaya, bila jina la mchongaji wala la ndovu. Nilipokuwa jukwaani nilidhani kuna wawili, muuaji na mwathiriwa, na kazi yangu ni kuchagua. Sikujua kwamba mara nyingi wote wawili wamefutwa kwa kifutio kimoja, ukabaki mji wa mahali kitu kilipouzwa.

Babu alijua ndovu anauawa? Nilimuuliza baba swali hilo, maana sikutaka kujifariji kwa uwongo. Akasema alijua. Akasema ndiyo maana hakutupa unga. Sijui kama jibu hilo linanitosha. Siku nyingine linanitosha, siku nyingine halinitoshi, na nimeamua kuliandika kama lilivyo.

Kwa ruhusa ya mlezi wa chama chetu, ile picha sasa iko kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba. Maelezo ya zamani nimeyaondoa, nimeandika mengine kwa mkono wangu: "Kijikasha. Mbao, mfupa wa mnyama, na pembe ya ndovu, yaelekea wa Afrika, aliyekufa kama miaka 1,000 iliyopita. Kilichongwa Constantinople na fundi ambaye hakuacha jina. Kilikaa Veroli. Sasa kiko London." Mlezi ameniambia ni marefu mno kwa kibandiko. Nimempunguzia "Sasa kiko London."

Ukipita ukaona picha haipo, usidhani imeibwa. Baba huiazima kila Ijumaa, nami humrudisha nayo shuleni Jumatatu. Anamchonga yule fahali wa Europa kwa mti wa mwarobaini, mara kumi ya ukubwa wake. Fahali anakwenda vizuri. Yule msichana mgongoni ndiye anayemsumbua. Ameshamkata mara mbili, na mara zote mbili anatoka kama mtalii.